Ukurasa wa Mwisho Ulioyeyuka

Herufi iliyonitesa kuliko zote ni o. Ninyi vijana mnaoandika kwa kugusa kioo mnaweza kucheka, lakini kwenye stensili ukiigonga o kwa nguvu kidogo tu, mduara wote unakatika, kipande cha katikati kinadondoka, na karatasi zako mia moja zinatoka na doa jeusi la wino mahali pa herufi. Siku zangu za kwanza Kasulu, neno "moto" nikilipiga mimi lilikuwa kama mtu mwenye macho mawili yaliyovimba.

"Yewe, kijana," aliniambia Mzee Shabani, "hapa hatutwangi mahindi. Iguse kama unamgusa mtoto aliyelala."

Mzee Shabani ndiye aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi yetu ya wilaya. Alitoka kwenye familia ya wenye maduka pale mjini, babu yake alikuja kutoka pwani, naye alivaa kofia iliyoshonwa kwa mkono, iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama chandarua. Mimi nilikuja pale kufagia. Shule niliacha darasa la nne, nikaenda kukata mkonge Tanga kama Waha wengi wa rika langu, nikarudi, nikabeba chumvi Uvinza, nikawa utingo wa lori, nikauza maandazi. Sikutulia mahali pamoja. Nilikuwa nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inawasha. Nilipomwona Mzee Shabani akizungusha mpini wa mashine ya kudurufu na karatasi tupu zikitoka upande wa pili zimejaa maneno, niliacha fagio katikati ya chumba nikamuuliza maneno yalikuwa yamejificha wapi.

Alinionyesha. Stensili ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, unapiga chuma kavu, herufi inakwangua nta. Ukiivalisha ile karatasi kwenye pipa la mashine, wino unapenya pale palipokwanguliwa tu. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena. Siku ya kwanza kuachiwa kazi peke yangu nilisahau kuondoa utepe. Nilipiga kurasa sita kwa fahari kubwa, macho yangu yakiona maandishi meusi mazuri juu ya stensili. Mashine ikatoa karatasi zenye kivuli cha maneno, kama maandishi ya jini. Mzee Shabani alizishika moja moja juu ya mwanga, akasema, "Maashallah, hizi tuwapelekee vipofu."

Na kanuni yake kubwa ilikuwa hii: mpiga chapa hasomi. Macho yanaona herufi, vidole vinapiga herufi, basi. Ukianza kusoma maana, unaruka mstari. Miaka yote ile alipiga sheria, barua za mirathi, maelekezo ya kilimo cha kahawa, na hakujua hata moja ilisema nini. Nilijaribu kumfuata. Nilishindwa kwa sababu ya tamthilia moja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati watu wazima walipokuwa wakisoma jioni baada ya kazi. Mwalimu Ndesa, Mpare aliyepangiwa kwetu, mrefu, mwenye kikohozi cha sigara, alikuwa na madarasa matatu: Kasulu, Manyovu na Kibondo. Alizunguka kwa malori. Kibondo alikuwa na watu watano waliojiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea. Na kitabu cha tamthilia kilichopangwa kilikuwa kimoja tu kwa madarasa yote. Kimoja, hakina jalada, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Kilikuwa cha zamani sana, kilitafsiriwa kutoka lugha ya ng'ambo. Mwalimu alikiweka mezani kwetu akasema, "Ndugu zangu, nataka kitabu hiki chote kwenye stensili. Matendo manne."

Niwaeleze kilivyokuwa, maana ndicho kilichonifundisha kusoma, mimi niliyedhani najua kusoma.

Hakikuwa na majina ya watu. Kulikuwa na Mtawala, Mama yake, Mdogo wake, Mvushaji wa mtumbwi, na Wafumaji, wanawake sita wanaokaa pembeni wakifuma mkeka na kusema wanayoyaona. Ng'ambo ya mto kuna tauni. Mtawala anatoa amri: atakayevuka atauawa, awe nani. Mgonjwa au mvukaji afunikwe gunia kichwani na mtu yeyote asimfunue, ili pumzi yake isiguse watu. Mvushaji anamuuliza, "Na akivuka wa nyumbani kwako?" Mtawala anajibu, "Nyumbani kwangu hakuna mtu ng'ambo." Anaapa kwa kichwa cha mama yake. Lakini sisi wasomaji tumeshaambiwa ukurasa wa nyuma kwamba Mdogo wake alivuka mwezi uliopita kujifunza dawa za miti, akamwomba Mama afiche siri.

Nilipopiga mstari ule vidole vyangu vilisimama. Nilihisi ubaridi mgongoni, mchana kweupe, Mzee Shabani akipiga chafya pembeni yangu. Mimi nilijua jambo ambalo Mtawala hakulijua, nami sikuwa na njia ya kumwambia. Nilitazama ile karatasi kama mtu anayemwona mtoto akicheza barabarani kutoka upande wa pili wa bonde. Jioni ile nilimuuliza Mwalimu kitu kile kinaitwaje.

"Kinaya," alisema. "Mhusika anasema neno, nasi tunalisikia kwa uzito ambao yeye haujui."

"Kwa hiyo mwandishi alifanya makusudi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Ndugu yangu, kila kitu humo ndani ni makusudi. Hata mkeka."

Sikuelewa mkeka una nini. Lakini nililala nikiwaza kwamba mtu fulani, karne nyingi zilizopita, katika nchi nisiyoijua, alikaa chini akapanga neno hapa na neno pale ili mimi, mkata mkonge, nishtuke Kasulu. Tangu siku ile sikupiga tena ukurasa bila kuusoma, na nikawa naruka mistari kama Mzee alivyotabiri.

Aliyegundua mistari ile ni Dada Skola. Nilimfahamu nilipopeleka tendo la kwanza na la pili Kibondo. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Kabla hata sijamaliza kumsalimia kwa Kiha, mwakeye, aliniuliza, "Wewe ndiye unayepiga?"

"Ndiyo, dada."

"Ukurasa wa kumi na moja umeruka mstari. Mama anajibu swali ambalo hakuulizwa."

Nilitaka kubisha, nikaangalia, nikakuta ni kweli. Mwalimu aliniambia baadaye habari zake. Alitaka kuwa muuguzi kamili. Chuo kilidai cheti cha kidato cha nne chenye Kiswahili kilichofaulu. Mara ya kwanza alikuwa amekwama kwenye somo hilohilo, na baada ya mwaka huu angekuwa amevuka umri wa kupokelewa. Ilikuwa mtihani huu au kufagia wodi mpaka uzee. Mimi niliyeacha shule kwa hiari nilimwogopa kidogo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Tendo la tatu nilipiga mwenyewe. Tauni inavuka bila mvukaji, Mama wa Mtawala anaugua. Wakati huohuo walinzi wanaleta mtu aliyefunikwa gunia, amekamatwa kwenye mtumbwi, ana mkoba begani. Tendo linaishia Mtawala amesimama mbele ya lile gunia. Hapo ndipo malaria ikaniangusha. Nililala siku nne nikitetemeka, na katika homa nilimwona yule mtu wa gunia amekaa kwenye kona ya chumba changu. Niliporudi kazini, Mzee Shabani alikuwa ameshapiga tendo la nne, na Mwalimu ameondoka na kitabu kwenda Manyovu kwa wiki mbili.

"Mzee," nilimuuliza hata kabla ya kukaa, "mwisho wake ukoje?"

"Mwisho wake ni nukta."

"Nauliza, alimfunua?"

"Nani?"

"Mtawala! Alimfunua yule mtu?"

Alinitazama kama anayepima kama homa imeisha. "Kijana, nimepiga stensili tatu, hazina kosa hata moja. Zile pale dirishani. Durufu."

Zilikuwa dirishani kwa sababu mimi ndiye niliyeanzisha mazoea ya kuweka vitu pale, Mzee naye akanifuata. Jua la mchana lilikuwa limepita kwenye kioo likazikalia. Mbili za juu ziliokoka kwa shida, zikiwa na mazungumzo ya Mama na Wafumaji kitandani. Ya tatu, ile ya mwisho, nta yake ilikuwa imeyeyuka ikagandamana na karatasi ya nyuma. Nilipoivuta, herufi zilibaki upande huu na nta upande ule. Hakuna kilichosomeka. Ilibaki stensili moja tu nzima kwenye boksi, nyingine mpaka mzigo ufike kutoka Dar es Salaam. Na lori la Kibondo lilikuwa linaondoka asubuhi yake.

Mtu mwenye akili angepeleka kurasa alizonazo na kusema ya mwisho imeharibika. Mimi niliona aibu. Tena niwaambie ukweli, haikuwa aibu tu. Nilikuwa nimekaa na yule mtu wa gunia siku nne za homa. Nilichukua ile stensili ya mwisho, nikaondoa utepe, nikapiga kwa vidole vyepesi kuliko siku zote: Mtawala akalivua lile gunia. Akamtambua mdogo wake. Wakakumbatiana, watu wakashangilia, amri ikafutwa, Mama akapona. Niliona siwezi kukosea. Mtu aliyejenga jengo zuri namna ile angewezaje kulibomoa juu ya vichwa vya watu? Nilidurufu nakala, nikazikunja kwenye gazeti, nikampa dereva.

Mwalimu alirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Nilimwomba kitabu nikasoma ukurasa wa mwisho nimesimama wima, nikaurudia kuanzia juu, kisha nikamweleza yote.

Mwalimu aliposikia nilichofanya hakupiga kelele. Alivua miwani. "Umemwokoa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Watu watano watapata sifuri kwa sababu umemwokoa."

Nilikimbia posta kupeleka simu ya maandishi. Karani akaniambia laini ya Kibondo imekatika tangu mvua ya Jumanne. Nikarudi. Stensili hakuna, basi kaboni: karatasi tano, kaboni nne katikati. Kwenye kaboni mambo ni kinyume, lazima utwange, la sivyo nakala ya tano inatoka kama moshi. Mzee Shabani alinisogeza pembeni. "Una mikono ya stensili wewe, toka." Akaukunja mkono wa kanzu akaitwanga ile taipureta mpaka kikombe cha chai kikatembea mezani. Alipofika katikati ya ukurasa alianza kupiga polepole. Nilimwona midomo yake inacheza. Mzee Shabani alikuwa anasoma. Alipiga nukta ya mwisho, akavuta zile karatasi, akanikabidhi bila kunitazama usoni. "Wahi," alisema. "Wahi, mwanangu."

Lori nililopata lilikuwa la maharage, nalo lilizama kwenye tope la bonde la Malagarasi. Tulilisukuma Ijumaa yote. Jumamosi asubuhi niliacha kusubiri, nikatembea na karatasi zangu ndani ya mfuko wa plastiki wa mbolea kifuani, nikadandia trekta, nikatembea tena, nikaazima baiskeli kwa mtu aliyenijua tangu Tanga. Kibondo niliingia Jumapili saa tisa mchana. Watu walikuwa wanatoka kwenye vikao vyao vya baada ya kanisa, nami nimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi.

Dada Skola alikuwa nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, kurasa zangu magotini zimewekewa jiwe zisipeperuke.

"Karibu mpiga chapa," alisema. "Umetoka kuchimba kaburi?"

"Dada, mwisho uliopewa si mwisho wake. Niliutunga mimi. Stensili iliyeyuka." Nilikuwa nahema. "Wa kweli huu hapa."

Nilinyoosha karatasi. Hakuipokea. Alizikusanya kurasa zake taratibu.

"Ngoja," alisema. "Usinipe bado. Nina wiki nzima sipati usingizi kwa ukurasa huu wako. Najiambia, Skola, kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa, jibu hivyo ufaulu. Halafu najiambia, huu ni uongo. Sasa nikueleze mimi, wewe uniambie."

"Sema, dada."

"Hakumfunua."

Nilishusha mkono wenye karatasi.

"Hawezi. Angekuwa mtu mbaya, angemfunua, maana mtu mbaya hashiki neno lake. Huyu ni mtu mwema. Anaogopa kujipendelea. Ndicho kinachomuua, wema wake umekosa mlango." Alifungua ukurasa wa tatu. "Tena mkeka. Hebu soma hapa. Mwanzo Wafumaji wanasema mkeka ni wa wageni, wakae kumi. Tendo la pili, wanapunguza. Tendo la tatu wanasema upana wa mabega, urefu mpaka kisigino. Unajua ni kipimo cha nini hicho?"

"Cha kulalia?"

"Nani anapima mkeka wa kulalia mpaka kisigino? Mimi nimefunga maiti pale wodini miaka saba. Hicho ni kipimo chetu. Wale wanawake wanajua tangu mwanzo, wanafuma tu. Wewe umepiga maneno yale kwa mkono wako hukuyaona?"

Sikuyaona, vijana. Nilikuwa nimeyasoma, si kwa macho ya Mzee Shabani bali kwa macho yangu mwenyewe yenye njaa, na sikuyaona. Yeye, kwa kazi yake ya kuosha sakafu na kufunga wafu, aliona jinsi jengo zima lilivyoinama upande mmoja tangu mstari wa kwanza. Nilimwangalia yule mama aliyekaa kwenye kigoda nikahisi kile nilichohisi siku ya kinaya, ila zaidi. Hakuwa na ule ukurasa. Aliusoma bila kuwa nao.

"Na Mtawala mwenyewe?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Atavuka. Akishajua amemuua nani, atamwambia Mvushaji amvushe, ili amri imkamate na yeye. Ndiyo maana Mvushaji yupo kila tendo na kazi hana. Mwandishi gani anamlisha mtu bure matendo matatu?" Alinitazama. "Nimekosea?"

"Hujakosea, dada. Ndivyo ilivyo."

Alifumba macho kidogo kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akanyoosha mkono akachukua karatasi yake. Alisoma huku kidole kikifuata mistari, akitikisa kichwa kila alipokuta alichokijua. Halafu kidole kikasimama.

"Dawa," alisema. "Ile iliyokuwa mkobani."

"Ndiyo."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi. Wanampa Mama, anapona."

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amemwua Mama naye kichwani mwake, kama watu wengi wangefanya. Alisoma mpaka pale Mama anapokaa kitandani, mzima, anaomba uji, anamuuliza Mtawala nani ameleta dawa hii. Na Mtawala, ambaye ameshajua maiti wa gunia ni nani, hajibu, anatoka kwenda mtoni. Dada Skola aliiweka karatasi chini ya jiwe, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilisimama pale na baiskeli ya watu bila kujua la kufanya. Kuku alipita kati yetu.

Mwishowe alijifuta. "Kuna wengine wanne," alisema. "Unangoja nini? Mmoja anakaa karibu na soko, anza naye, yule hasomi kitu mara mbili."

Niliwapata wote kabla giza halijaingia. Aliyepata nakala ya tano, ile iliyofifia, ilibidi nimsomee kwa mdomo, mkewe na majirani wakasogea kusikiliza, nao wakanigombeza mimi kama niliyetoa ile amri.

Jumatatu nilisubiri nje ya chumba cha mtihani. Swali la tamthilia lilikuwapo: eleza jinsi mwandishi alivyoandaa mwisho. Dada Skola alitoka wa mwisho, amevaa sare yake ya kazi kwa sababu zamu ilikuwa inamngoja. Miezi kadhaa baadaye Mwalimu angeniletea habari kwamba amefaulu na ameitwa chuoni, nami ningefurahi, lakini siku ile hatukujua lolote. Nilitembea naye mpaka lango la hospitali.

"Uliandika?" niliuliza.

"Niliandika yote. Mkeka, gunia, Mvushaji, mpaka uji wa Mama." Alisimama, akarekebisha kilemba chake. "Ila nikwambie kitu, mpiga chapa, usimwambie Mwalimu. Nilipofika pale Mdogo anapoletwa na gunia lake, kalamu ilisimama muda mrefu. Nilikuwa najua jibu, natazama saa ukutani inakwenda, na nilitamani sana niandike la kwako."

Akaingia kazini.